Boksi la taa ya buluu

Niligundua kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa saa nane za usiku, nimeamka kunywa maji, televisheni imezimwa tangu saa nne. Nilipokuwa naweka kikombe juu ya kabati, mkono ukagusa lile boksi dogo jeusi lililokaa kando ya televisheni. Lilikuwa moto. Si lile vuguvugu la kifaa kilichosahauliwa kwenye soketi. Lilikuwa moto kama simu ambayo mtoto ameichezea gemu tangu asubuhi. Taa yake ya buluu ilikuwa inapepesa haraka haraka, inapumzika kidogo, kisha inapepesa tena.

Nikasimama pale gizani na kikombe changu, nikijiuliza nani anatazama.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Kwa wiki tatu hivi, kila nikitafuta kitu Google nikiwa nyumbani, naulizwa kama mimi ni binadamu. Chagua picha zote zenye taa za barabarani. Chagua picha zote zenye basi. Mimi naishi Section 58, mtaa wa Nakuru, taa za barabarani zinazowaka nazihesabu kwa vidole, lakini nikawa nachagua tu. Nikifika kazini, kwenye saiba yangu, duka la intaneti la mashine nne, siulizwi kitu. Nikirudi nyumbani naulizwa tena. Nikadhani ni kompyuta yangu imezeeka.

Usiku ule nikafanya jambo ambalo ningewafanyia wateja wangu siku nyingi zilizopita. Nikageuza ruta, nikasoma kile kibandiko cha chini chenye nambari na neno la siri, nikaingia kwenye ukurasa wake. Ruta yangu huonyesha kila kifaa kilichounganishwa, kimepokea kiasi gani na kimetuma kiasi gani. Simu yangu: imepokea GB 19, imetuma moja na kidogo. Simu ya mke wangu karibu sawa. Kompyuta, kidogo tu. Halafu kulikuwa na kifaa kisicho na jina, herufi na nambari tupu: kimepokea 88, kimetuma 61.

Nikasoma mara mbili. Kupokea naelewa, mpira unakula data. Lakini televisheni ni ya kupokea. Boksi la kutazama mpira linatuma nini, na linamtumia nani, saa nane za usiku?

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu boksi halikujileta.

Nililinunua upande wa Mburu Gichua, kwenye duka la vifaa vya umeme ambalo nusu ya kaunta ni vifuniko vya simu. Elfu sita na mia tano, nikabembeleza mia tano ikashuka. Kijana aliyeniuzia alikuwa na ulimi. "Mkubwa, hii ukilipa leo hulipi tena maisha yako yote. Ligi ya Uingereza iko, Hispania iko, sinema ziko, vipindi vya watoto viko. Hizo dekoda nyingine ni za watu wanaopenda kulipa kodi ya nyumba mara mbili."

Na mimi nilikuwa nimechoka na dekoda. Mtu wa rika langu anakumbuka mwaka 2015, analogi ilipozimwa, ile Februari ambapo Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu na tukabaki tunatazamana sebuleni. Tukaambiwa nunua king'amuzi. Tukanunua. Kisha kikaja cha pili chenye chaneli ambazo cha kwanza hakina, kisha dishi, kisha kifurushi kikapanda bei, kisha mpira ukahamishwa kifurushi cha juu. Mtu anataka mechi mbili kwa wiki, anauziwa chaneli mia za kupikia na kuuza nyumba za Afrika Kusini. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema hivyo ndivyo kijana wa duka alivyonikuta.

Nikamwuliza swali moja tu la maana: "Na hii ni halali?"

Akacheka. "Bosi, hili limeingia na kontena pale Mombasa, limelipiwa ushuru, risiti iko."

Nikaridhika. Ilinichukua miezi saba kuona kwamba hakunijibu.

Kisha akaliunganisha na televisheni ya dukani anionyeshe. Hapo kuna kitu nilikiona kwa macho yangu na nikakiacha kipite. Boksi lilipowaka, kulitokea onyo, maandishi meupe, kitu kuhusu usalama. Kijana akabonyeza rimoti mara tatu bila hata kusoma, kama mtu anayefukuza nzi. Kulikuwa na neno Play Protect, ile kinga ya Google dhidi ya programu hasidi, na yeye alikuwa anaizima. "Hiyo husumbua tu chaneli," akasema. Halafu akafungua duka la programu ambalo si lile la Google ninalolijua kwenye simu, lina nembo ya rangi ya machungwa, akapakua programu mbili, na mara hiyo mechi ikaanza. Picha safi. Nikatoa simu nikalipa.

Ningekuwa nimenunua langu nikanyamaza, makala haya yangekuwa mafupi. Lakini mtu akipata cha rahisi Nakuru hawezi kukaa nacho peke yake. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimempeleka shemeji yangu kwenye duka lile, yeye anakaa London (wageni wasishtuke, London yetu haihitaji viza, ni mtaa). Akafuata jirani yangu wa ploti, nesi, anayefanya zamu za usiku. Akafuata kinyozi wangu. Na Krismasi nikambebea mama yangu la kwake hadi Njoro, nikalifunga mwenyewe, nikajiona mtoto mwema. Maboksi matano. Kijana wa duka alinipa la mama kwa bei nafuu kwa sababu, alisema, mimi sasa ni ejenti.

Nianze na sheria, ndiyo inayoulizwa kwanza, ingawa kwangu si ndiyo iliyouma zaidi.

Boksi lenyewe si haramu. Ni kompyuta ndogo yenye Android, ina tundu la HDMI nyuma na rimoti mbele. Yapo ya kampuni zinazojulikana, unaweka YouTube, unalipia Netflix ukitaka, hakuna wa kukugusa. Kinachouzwa kwa elfu sita si hiyo kompyuta. Kinachouzwa ni chaneli za watu wengine zilizotiwa ndani yake. Mtu fulani mahali fulani amelipia dekoda moja halali, ameivunja kufuli, na anairusha picha ile kwa maelfu ya watu kupitia intaneti. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kifungu cha 35, inahesabu kuvunja kufuli kama hizo kuwa ni kukiuka hakimiliki, na inamhesabu vilevile anayetengeneza au kusambaza vifaa vilivyokusudiwa kuzivunja. Kwa hiyo swali la kaunta si geni kwa sheria. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, ikampa mwenye kazi njia ya kuiandikia kampuni ya intaneti ifunge njia ya kufikia kilichoibwa, na kampuni ikapewa saa 48 za kazi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaagiza kampuni mbili kubwa za intaneti nchini zifunge tovuti zaidi ya 40 zilizokuwa zikirusha mechi. Ukishajua hivyo, hushangai tena chaneli inapokufa Jumamosi saa kumi na moja jioni, dakika ya kwanza ya mechi, ukaambiwa usasishe programu, ikafufuka Jumatatu kwa jina jingine.

Sasa rudi kwenye jibu la kijana. Ushuru ni wa KRA, mamlaka ya mapato. Hakimiliki ni ya KECOBO, bodi ya hakimiliki. Na kifaa chochote cha kuunganishwa na mtandao wa mawasiliano nchini kinatakiwa kiwe kimekaguliwa aina yake na kupewa kibali na Mamlaka ya Mawasiliano. Mimi niliuliza kuhusu ofisi tatu, nikajibiwa kuhusu moja, tena ile isiyohusika na chaneli. Boksi linaweza kulipiwa ushuru hadi senti ya mwisho na bado chaneli zilizomo zikawa za wizi.

Nje ya nchi mambo haya yameshafika mbali. Aprili 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, kule Luxembourg, iliamua kesi ya Mholanzi aliyekuwa anauza maboksi yenye viungo tayari vya sinema za wizi. Alijitetea kwamba yeye anauza kifaa tu, sinema haziko kwake. Mahakama ikasema hapana, kuuza boksi lililotayarishwa hivyo ni kuwafikishia umma kazi za watu. Ikaongeza kwamba hata anayetazama sebuleni hajifichi nyuma ya hoja kwamba nakala yake ni ya muda tu. Marekani nako kampuni moja ya maboksi, TickBox, ilikubali mwaka 2018 hukumu ya dola milioni 25. Hapa kwetu sijawahi kumsikia mtu wa Section 58 akitolewa kwenye kochi lake na polisi, na sitawatisha watu kwa jambo ambalo sijaliona. Anayebeba mzigo wa kwanza ni muuzaji, na yule anayewaonyesha watu wengine kwa pesa. Kinyozi, kwa mfano. Nitarudi kwake.

Niseme jambo moja kabla sijaacha sheria. Rafiki yangu mmoja hurekodi vichekesho kwa Kikuyu na kuvipandisha mtandaoni. Siku nilipofungua boksi langu na kupekua ile sehemu ya sinema, nilikuta vichekesho vyake viwili vimo, vimekatwa jina mwanzoni. Sikumwambia. Nilivitazama vyote viwili, nikacheka, na nikamficha. Hiyo ni aibu yangu.

Ile iliyonikosesha usingizi ni ile 61 ya kutuma.

Siku ya pili nilifunga saiba mapema nikakaa kusoma. Kumbe hadithi yangu ya boksi ilishasimuliwa na mtu mwingine vizuri zaidi. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada, Daniel Milisic, alieleza jinsi alivyonunua boksi liitwalo T95 kwenye Amazon, bei ya chini, nyota nyingi, akaliwasha nyumbani na kuona linawasiliana na mitambo ambayo yeye hakuiomba. Programu hasidi ilikuwa imo kwenye mfumo wenyewe tangu kiwandani au njiani. Hakuibeba yeye. Aliitoa kwenye katoni pamoja na boksi.

Kisha mwaka huohuo kampuni ya usalama ya Human Security ikaonyesha kwamba T95 halikuwa peke yake. Ikauita mtandao ule BADBOX: maboksi na vifaa zaidi ya 70,000 vyenye mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia. Septemba 2024, kampuni ya Urusi iitwayo Doctor Web ikaeleza kirusi kingine, Vo1d, kwenye maboksi yapatayo milioni 1.3 katika nchi 197. Desemba mwaka huo ofisi ya usalama wa mitandao ya Ujerumani ikakata mawasiliano ya vifaa hadi 30,000 vilivyokuja na kirusi ndani. Machi 2025 ikatangazwa BADBOX 2.0, vifaa zaidi ya milioni moja, nchi na maeneo 222. Juni FBI ikatoa onyo kwa wananchi wa Marekani. Julai Google ikafungua kesi New York dhidi ya watu 25 wasiojulikana majina, wa China, na sasa hesabu iliyotajwa ni vifaa zaidi ya milioni kumi. Nikasoma zile dalili zilizotajwa kwenye onyo la FBI: boksi la jina lisilojulikana, linalotangazwa kwamba limefunguliwa uone kila kitu bure, linalokutaka uzime Play Protect, linalotumia duka la programu lisilo rasmi. Nikamwona yule kijana na rimoti yake, mara tatu, kama anafukuza nzi.

Sasa, linatuma nini? Hili lilinichukua muda kulielewa, na nimejaribu kuwaeleza watu mara nyingi hadi nikapata njia ya kulisema.

Kila nyumba yenye intaneti ina anwani inayoonekana nje, ile IP. Mtu akifungua tovuti kutoka kwako, tovuti inaona anwani yako. Ikiwa ni ya nyumba ya kawaida ya Nakuru, inaaminika kuliko mtambo wa kukodi uliojaa walaghai. Kwa hiyo anwani za nyumba zina soko. Mwenye kirusi anaingia kwenye boksi lako na kuikodisha anwani yako kwa wengine. Mtu aliye mbali sana anataka kufungua akaunti bandia mia tano, au kujaribu maneno ya siri ya wizi kwenye benki moja baada ya nyingine, au kubonyeza matangazo ili alipwe kana kwamba yeye ni watu elfu. Anapita kwako. Data inaingia kwenye boksi na kutoka tena, ndiyo maana langu lilipokea nyingi na kutuma nyingi. Huko anakokwenda hakuna anayemwona. Wanakuona wewe.

Wakenya tunalijua hili kwa sura nyingine. Ni kama mtu kusajili laini kwa kitambulisho chako. Hakukuibia kitambulisho, kiko mfukoni mwako, picha yako bado ni yako. Lakini laini ile ikitumika kumtapeli mzee wa Bahati, jina litakaloitwa ni lako.

Na zile picha za taa za barabarani nazo zikaeleweka. Google ilikuwa inaona kutoka nyumbani kwangu maombi mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kubonyeza. Iliniuliza kama mimi ni roboti, na kwa kweli nusu ya nyumba ilikuwa roboti.

Kilichonitia baridi zaidi ni kwamba ilikuwa Juni. Wanaofanya kazi ya saiba wanajua Juni ni nini. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kujaza ritani za KRA, na foleni ikizidi nabeba kompyuta nyumbani, najaza za watu mezani usiku, nambari zao za PIN ziko kwenye daftari, barua pepe zao zimefunguliwa. Mtandao mmoja na boksi lile. Kifaa kilicho ndani ya waifai yako kiko ndani ya ua. Hakihitaji kupanda ukuta kuja kugonga mlango wa kompyuta yako. Sikuona kilichoibwa. Lakini nilikaa siku mbili nikibadilisha maneno ya siri, yangu kwanza, kisha nikawapigia wateja kumi na wanane mmoja mmoja kuwaambia wabadilishe ya eCitizen na ya iTax, tovuti za huduma za serikali na za kodi. Wawili waliniuliza kama ndiyo nimeanza kuwatapeli.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu ujanja. Nikalirudisha boksi kwenye hali ya kiwandani. Likafutika, likawaka upya, zile chaneli zikatoweka, na usiku ule safu ya kutuma ikaendelea kupanda vilevile. Ni jambo la kukera lakini lina mantiki yake: kama ugonjwa uko kwenye hali ya kiwandani, ukilirudisha huko unalirudisha kwenye ugonjwa. Nilichofanya mwisho ni kuchomoa waya. Hakuna dawa nyingine ninayoiamini kwa boksi la namna hiyo.

Mwenye boksi na asiyejua ni la aina gani, kuna kipimo kimoja cha haraka. Fungua Play Store kwenye televisheni, kama ipo, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Kama Play Store yenyewe haipo, na badala yake kuna duka la rangi ya machungwa, basi umeshajibiwa.

Nikaanza kuzunguka.

Shemeji wa London alinisikiliza hadi mwisho akila mahindi, akatupa gunzi. "Shemeji, hao watu wa China waje tu. Watakuta nini kwangu? Deni la Fuliza?" Nikamweleza habari ya jina, ya laini na kitambulisho. Akasema mwaka huu Arsenal iko vizuri, tuongee Mei. Nilimkuta baadaye amehamishia boksi waifai ya jirani yake, kwa maana aliyoielewa kwenye maneno yangu yote ni kwamba hatari iko kwenye ruta.

Nesi alichomoa nikiwa bado mlangoni. Ana tableti ya kazi anayoitumia nyumbani na yeye siku zote huelewa habari ya maambukizi haraka kuliko sisi wengine. Halafu akanigeukia. "Na pesa zangu?" Nikasema duka ndilo lililouza. Akanitazama kwa ile jicho ya wodini. Nilimpa elfu tatu. Nilikwenda dukani kudai, nikakuta kaunta ile sasa ni ya kuuza nywele, na dada aliyekuwepo hamjui kijana wa maboksi, anasikia tu alihamia Eldoret au Kericho.

Safari ya Njoro ndiyo niliyoiahirisha. Mama hana intaneti ya waya. Ana ruta ndogo ya laini, ananunua bando la mwezi, na tangu Januari alikuwa akinipigia kila tarehe kumi na mbili, kumi na tatu, kuniambia bando imeliwa. Mimi, mtaalamu wa familia, nilishatoa hukumu zamani: ni mpwa wangu. Kijana yuko kidato cha pili, anakaa naye, ana simu. Nilimwambia Mama ni TikTok, nikamwambia ambadilishie neno la siri. Alimbadilishia. Bando ikaendelea kuisha tarehe kumi na mbili. Tukasema ameliiba neno jipya. Mtoto aliapa hadi akachoka kuapa, kisha akanyamaza, na sisi tukasema kunyamaza ndiyo kukiri.

Nilipofika nilichukua ruta ya Mama nikaifungua kwenye simu. Kifaa kisicho na jina. Herufi na nambari.

Mama alikuwa anamenya njegere. Nikamweleza polepole, kwa Kiswahili kisha kwa Kikuyu pale Kiswahili kilipokuwa hakitoshi. Hakuuliza kuhusu China wala sheria. Aliuliza, "Kwa hiyo si kijana?"

"Si yeye, Mama."

Akamenya maganda mengine matatu. "Basi mwambie wewe. Mimi nilimwambia maneno mabaya kwa sababu yako."

Mpwa wangu alikuwa nyuma ya nyumba akikata nyasi za ng'ombe. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama kwenye matope na viatu vya mjini. Alisema ni sawa, anko, kwa ile sauti ya vijana ambayo haina maana ya sawa. Nikamnunulia smoki mbili na yai pale stejini, akala, bado hakucheka. Bando ya Mama mwezi uliofuata ilifika tarehe 29.

Sasa kwake kuna king'amuzi cha kawaida na ariali juu ya bati, chaneli za bure, na tamthilia yake anaitazama YouTube kwa simu, ameiegemeza kwenye mkebe wa sukari. Kwangu nimerudi kulipia, lakini kwa akili: mashindano yakiwepo nalipia mwezi, yakiisha naacha. Kijana wa duka alikuwa na haki kwamba ni ghali.

Akabaki kinyozi. Kinyozi ana viti viwili, benchi moja, na televisheni ya inchi 43 iliyomwongezea wateja kuliko mashine mpya angeweza kumwongezea. Wikendi benchi linajaa watu ambao hawanyoi, wananunua soda kwenye friji yake. Nilimweleza yote, hadi kifungu cha 35. Alinisikiliza kwa heshima, ni mtu wa heshima. Kisha akasema, "Fundi, wewe ndiye uliyenileta kwa hili boksi. Sasa unataka nizime, na hao kwenye benchi niwaambie nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia angalau alitenge kwenye ile waifai ya wageni, lisikae mtandao mmoja na simu yake ya biashara. Akasema atafanya Jumatatu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kunyoa. Benchi limejaa. Kipindi cha pili kinaanza, picha ikaganda mshambuliaji akiwa na mguu hewani, watu wote wakaguna pamoja, kisha ikaachia. Nyuma ya televisheni, kati ya ukuta na waya, taa ya buluu ilikuwa inapepesa.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaichungulia chini ya shuka la kunyolea: imejiunga na waifai ya kinyozi yenyewe, kama ilivyozoea. Nikainama kidogo, nikafungua mipangilio kwa kidole gumba, nikaiambia isahau mtandao huo.

"Kichwa juu, fundi," kinyozi akasema, macho yako kwenye mpira. "Nitakukata sikio."